Koki, Tanki na Gata: Majibu kwa Wasomaji wa Kusini

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zimetoka Mtwara na Lindi. Wapo wanaouliza habari ya bili, yupo anayelilia bafu, na barua moja ya Newala imegusa jambo ambalo tungependa kila mwenye bati kule juu Makonde alisome kabla ya Desemba.

Yuniti 19 zimetoka wapi?

*Mtwara kuchele, mafundi. Nyumbani tuko watano, maji yetu ni ya mgawo, bustani hatuna. Bili ilikuwa haipiti yuniti 8, mwezi uliopita imekuja yuniti 19. Jirani ananiambia mita imeharibika, niende nikalalamike. Niangalie nini kwanza?*
— Mama wa Chikongola, Mtwara

Kwanza, mama, chukua bili uende nayo kwenye mita. Linganisha tarakimu zilizoandikwa kwenye bili na zile unazoziona kwa macho. Nyeusi ndizo yuniti, nyekundu ni vipande vya yuniti, yaani lita. Ikiwa bili inasema 412 na mita yako leo inasoma 405, msomaji wa mita alikosea, nawe una haki ya kwenda ofisini na picha kwenye simu. Zikikubaliana, tafuta yanakovuja kabla ya kuilaumu mita. Mita ya kuzunguka iliyochakaa kwa kawaida huhesabu pungufu, ni nadra ihesabu zaidi.

Yuniti moja ni lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita 20. Zilizozidi kwako ni 11: ndoo 550 kwa mwezi, kama ndoo 18 kila siku. Zingemwagika sakafuni ungeziona. Lakini ardhi ya mchanga hunywa maji bila kuacha hata dimbwi, na choo cha kuflashi hupeleka maji shimoni usiku kucha bila sauti.

Wengi huambiwa wafunge koki zote kisha watazame kigurudumu kidogo kilicho katikati ya mita. Kipimo hicho kinafaa nyumba inayotumia maji moja kwa moja kutoka barabarani. Nyumba ya mgawo yenye tanki kinaweza kuidanganya, kwa sababu choo kinavuta kutoka tankini, na valvu ya boya haifunguki mpaka maji yashuke kidogo. Wewe pima mara mbili.

Mara ya kwanza pima tanki. Jioni, watu wakishaoga, funga koki inayoingiza maji tankini. Tumbukiza fimbo kavu iliyonyooka mpaka chini, weka alama pale maji yalipoishia. Usiku huo atakayekwenda chooni atumie ndoo. Alfajiri pima tena. Tanki la mviringo lenye upana wa mita 1 hupoteza karibu lita 8 kwa kila sentimita inayoshuka. Yakishuka sentimita 15, lita 120 zimeondoka nyumba nzima ikiwa imelala.

Mara ya pili pima bomba lililofukiwa, kutoka mita hadi tanki. Subiri siku ya maji. Funga koki ya kuingilia tankini na ya uani, ndipo utazame kile kigurudumu. Kikizunguka, hata kwa kujikokota, bomba la chini linavuja. Fuata njia yake ukitafuta penye nyasi mbichi kuliko kwingine, au mchanga unaobonyea mguuni.

Kama fimbo ndiyo iliyokuonyesha, nenda chooni. Fungua mfuniko wa tanki la choo, tia kijiko cha bluu ya kufulia, usiflashi kwa nusu saa. Bluu ikionekana bakulini, mpira wa chini haukai sawasawa. Funga koki ndogo ya pembeni, flashi, kisha pitisha kidole kwenye ukingo wa tundu ambalo mpira hulikalia. Maji ya visima vingi vya mwambao yana chokaa. Utagusa chembe ngumu, nyeupe, kama chumvi iliyoganda, na chembe moja ya ukubwa wa punje ya mchele inatosha kuacha upenyo. Isugue kwa kitambaa kilicholowa siki. Usikwangue kwa kisu, maana mchubuko wa kisu nao ni njia ya maji. Mpira wenyewe ukiacha weusi kidoleni, umekwisha. Ung'oe uende nao dukani, kwa sababu kuna tundu za inchi 2 na za inchi 3, na mpira wa moja hauzibi nyingine.

Mnyororo uuachie ulegevu wa kama sentimita moja. Ukikazwa sana mpira hauketi, ukiwa mrefu mno unaingia chini ya mpira na kuuinua. Boya nalo lifunge maji yakiwa sentimita 2 au 3 chini ya mdomo wa bomba la kufurikia lile lililosimama ndani. Maji yakiufikia mdomo huo yanateremka bakulini mfululizo.

Na kwa nyumba zote za mgawo: ukifungua koki ukaikuta kavu, ifunge papo hapo. Koki iliyosahauliwa wazi saa nane mchana huamka saa tisa usiku.

Mpira mpya, maji yaleyale

*Shikamooni. Koki ya jikoni inadondosha. Nimebadilisha mpira mara mbili ndani ya mwezi huu. Inatulia siku tatu, inaanza tena. Kosa ni la mpira?*
— Kijana wa Shangani, Mtwara

Marahaba. Mpira hauna kosa, kilicholika ni kiti chake. Funga koki kuu, fungua kichwa cha koki kwa spana, toa shina, kisha mulika ndani kwa tochi ya simu. Chini utaona pete ya shaba ambayo mpira huibana. Ipitishie pamba ya masikio. Pamba ikinasa mahali, pamechimbika. Chembe za mchanga zinazokuja na maji ya kwanza baada ya mgawo hubanwa kati ya mpira na shaba, na kila unapokaza kwa nguvu zinachimba mfereji mwembamba. Mpira mpya unaujaza mfereji huo kwa siku chache, halafu nao unachanika palepale.

Mafundi wengine wana kisagio cha kiti: kinaingizwa mahali pa shina, kinazungushwa taratibu mara mbili au tatu mpaka shaba ing'ae pande zote. Koki nzito ya shaba inastahili kazi hiyo. Ile nyepesi ya bei ndogo ibadilishe yote. Kama koki yako ni ya mkono unaozunguka robo tu, haina mpira wa aina hiyo hata kidogo. Ndani kuna visahani viwili vigumu vinavyosuguana, na vikishakwaruzwa na mchanga unanunua moyo wa koki mzima. Beba wa zamani, uhesabu meno ya juu na upime urefu, kwani inafanana kwa nje tu.

Ukifunga koki mpya, zungusha thredi tepu mara 6 hadi 8 kufuata upande ambao koki inaingilia, ili ukikaza tepu isijikunje nyuma. Kiungio cha ukutani kikiwa cha plastiki, kaza kwa mkono mpaka igome, kisha kwa spana zungusha mzunguko mmoja tu. Anayezidisha anapasua kiungio ndani ya plasta, na ufa huo atauona wiki ijayo rangi ikishavimba.

Usidharau matone hayo. Tega kikombe chini ya koki. Kikijaa robo lita ndani ya dakika 10, ni lita 36 kwa siku, na ukifika mwisho wa mwezi umevuka yuniti moja.

Mnara upandishwe?

*Tanki langu la lita 2,000 liko juu ya mnara wa mita 3, lakini bafu la ndani linatoa maji kama machozi. Nimeshauriwa nipandishe mnara ufike mita 6. Gharama naiweza, ila nataka uhakika.*
— Mstaafu, Mtanda, Lindi

Shikamoo, mzee wetu. Usiguse mnara bado. Chukua ndoo ya lita 10 na saa. Fungua kichwa cha bafu ukitoe, acha bomba wazi, jaza ndoo. Ikijaa kwa dakika moja au chini ya hapo, bomba ni zima, tatizo ni kichwa chenyewe: kimezibwa na chokaa, au ni cha aina iliyotengenezwa kwa msukumo mkubwa wa mashine. Kiloweke kwenye siki usiku mmoja, kisha choma vitundu kwa sindano. Lakini ndoo ikichukua dakika 3 au 4, njia ya maji imebanwa, na hata mnara wa mita 6 utasukuma kwenye kizibo kilekile.

Hesabu ni hii. Kila mita 1 ya kimo huleta msukumo wa karibu sehemu moja ya kumi ya baa (kipimo cha msukumo). Kimo hicho huanzia kwenye uso wa maji tankini na kuishia kwenye kichwa cha bafu. Bafu lako liko kama mita 2 juu ya sakafu, na sakafu nayo imeinuliwa. Tanki likibaki nusu, kimo cha kweli ni kama mita 1.5 tu. Msukumo mdogo hivyo unahitaji njia pana. Bomba la PPR (plastiki ya kuunganishwa kwa moto) la milimita 20 linaloitwa nusu inchi lina uwazi wa ndani wa milimita 13 hivi likiwa la ukuta mnene, kwa sababu kipimo cha 20 ni cha nje. Mafundi wengi huteremsha bomba hilohilo kutoka tankini mpaka chumba cha mwisho. Teremsha la 32 kutoka tankini hadi usawa wa bafu, endelea na la 25, na la 20 libaki kwa ile mita ya mwisho.

Lipo kosa jingine ambalo halionekani kwa nje. Bomba la PPR huunganishwa kwa kupashwa moto wa nyuzi 260. La milimita 20 linatakiwa likae kwenye pasi ya kuunganishia sekunde 5, liingie milimita 14, basi. Fundi mwenye haraka ya kuongea na simu akiliacha sekunde 12, au akilisukuma mpaka ndani kabisa, plastiki iliyoyeyuka inajikunja na kujenga pete ndani ya kiungio. Mwambie akate elbo (kiungio cha kona) moja ya njiani muichungulie. Tukizikata hizi, mara nyingine ndani hapapiti hata kidole kidogo cha mtoto, na huku kwa nje kiungio kinapendeza.

Mwisho, tazama kama bomba linapanda juu ya dari kisha linashuka. Hewa hukaa kwenye mgongo huo, hasa baada ya tanki kukauka. Unganisha mpira wa maji kutoka koki yenye nguvu ya barabarani hadi koki ya bafu, sukuma maji kinyumenyume huku mtu akitazama tankini. Yatabwabwaja, kisha yatatulia. Ukimaliza uung'oe mpira huo hapohapo.

Endapo baada ya yote haya bado utataka kuinua, kumbuka maji ya tanki lako yana uzito wa tani 2, na msingi ulichimbwa kwa mnara wa mita 3. Jukwaa liwe bapa chini ya kitako chote. Tanki la plastiki likikalia mbao zilizoachana, kitako huzama kwenye nafasi, na ufa huanza pale pembeni mwa ubao.

Bati mita 10 kwa 6

*Huku Newala bomba likitoa maji tunamshukuru Mungu. Nyumba yangu ina bati la mita 10 kwa 6, tuko watu sita. Nataka nivune maji ya mvua msimu huu. Ninunue tanki la lita ngapi? Na je, maji ya bati yanafaa kunywa?*
— Mkulima wa korosho, Newala

Ndugu yetu, swali lako ndilo tulilolingoja. Maji ya mradi wa Makonde husukumwa kwa mashine kutoka visima vilivyo bondeni, yakapandishwa mlima mpaka kwenu. Umeme ukizimika au mashine ikisimama, mji mzima unasubiri. Mvua haina mlima wa kupanda.

Milimita 1 ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita 1. Bati lako ni mita za mraba 60, ukipima eneo linalofunikwa ardhini badala ya mteremko wa bati. Mvua ya milimita 20 inashusha lita 1,200. Toa moja ya tano kwa inayoruka na ya kuoshea bati, zinabaki lita 960. Newala hupata kama milimita 1,000 katika mwaka wa kawaida, kwa hiyo karibu lita 48,000 zinapita juu ya kichwa chako, nyingi kati ya Desemba na Aprili.

Ugumu uko kwenye kiangazi kirefu. Kuanzia Juni mpaka mwisho wa Novemba ni siku 180 hivi. Watu sita wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku, mnahitaji lita 21,600 zimekaa mahali. Matanki ya plastiki ya kiasi hicho yanataka fedha nyingi. Ushauri wetu ni kugawa matumizi. Maji ya kunywa na kupikia peke yake, lita 5 kwa mtu, ni lita 30 kwa siku, lita 5,400 kwa kiangazi chote. Tanki moja la lita 5,000 linakaribia kabisa kuwavusha, mradi lifungwe kwa kufuli na pasiwe na wa kulifulia nguo. Kufua na kuoga kutegemee bomba, au tanki la chini la saruji kama yale yaliyo kwenye nyua nyingi za Newala na Tandahimba. La chini lisakafiwe kwa saruji kipimo 1 na mchanga safi 3, pamoja na dawa ya kuzuia maji, tabaka si chini ya mbili, na lifunikwe. Lichimbwe mbali na shimo la choo, upande wa juu wa mteremko. Saruji mbichi iloweshwe kila siku kwa juma zima. Ikikaushwa na jua la Newala inafanya nyufa nyembamba kama unywele, na tanki la nyufa hujaa Machi likawa tupu Julai.

Sasa gata, maana hapo ndipo maji mengi hupotea. Iteremke sentimita 1 kwa kila mita 1. Kwa ukuta wako wa mita 10, upande mmoja uwe chini kwa sentimita 10. Usikadirie kwa jicho, vuta uzi na pima. Vishikizo viachane sentimita 60 hadi 80. Vikiwa mbali zaidi gata hulegea katikati, maji yakasimama, mbu wakazaliana. Ncha ya bati iingie ndani ya gata kama theluthi ya upana wake. Likiingia pungufu, upepo unarudisha maji ukutani. Likizidi, mvua kubwa inaruka juu ya gata yote. Bomba la kuteremshia lisipungue inchi 3.

Wewe ni mkulima wa korosho, basi hili ni lako hasa. Salfa inayopulizwa kwenye mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga wakati wa kiangazi haibaki shambani. Shamba likipakana na nyumba, vumbi lake hutua juu ya bati na kukaa huko mpaka mvua ya kwanza, likichanganyika na majani makavu na kinyesi cha ndege. Kabla ya mvua, panda ufagie bati na gata. Siku ile mvua ya kwanza ikinyesha, chomoa bomba la kuingilia tankini uache maji yamwagike. Fanya hivyo kwa mvua mbili za mwanzo.

Baada ya hapo, kila mvua inayokuja baada ya siku kavu kadhaa ioshe bati kwanza kwa nusu milimita hadi milimita 1, yaani lita 30 hadi 60 kwa bati lako. Weka tii (kiungio cha njia tatu) kabla ya tanki. Mguu wake ushuke kwenye pipa dogo lililofungwa, lenye tundu la milimita 3 chini. Pipa likijaa, maji safi yanapita juu yake kuelekea tankini; mvua ikikatika, lile tundu linalimwaga taratibu, tayari kwa mvua inayofuata. Wapo wanaotumia bomba la inchi 4 lililosimama badala ya pipa. Bomba hilo hubeba kama lita 8 kwa kila mita, kwa hiyo mita moja na nusu tunayoiona kwenye nyumba nyingi haioshi hata nusu ya bati.

Ndani ya tanki, shusha bomba la kuingizia mpaka karibu na chini na umalizie kwa elbo inayotazama juu, ili maji yasichimbe tope lililotuama. Koki ya kuchotea ikae sentimita 10 juu ya kitako. Bomba la kufurikia na kila uwazi uvalishwe wavu wa kuzuia mbu.

Kunywa mtakunywa. Maji ya mvua ni laini, hayana chumvi wala chokaa, lakini yamepita mahali ndege wanapotua. Yachemsheni mpaka yatokote kweli, myahifadhi kwenye chombo chenye mfuniko na koki, pasiingie kikombe wala mkono.

Maji ya kijani

*Maji ya tanki yamekuwa ya kijani na yana harufu. Nimwage yote?*
— Mwalimu, Ruangwa

Usiyamwage, mwalimu. Mwagilia miti au safishia choo mpaka yabaki kidogo, ndipo usugue kuta kwa brashi na uondoe tope. Ukijani unaletwa na mwanga: tanki la rangi nyepesi, au mfuniko uliopasuka. Ziba hilo kwanza. Kisha jaza maji, tia dawa ya klorini isiyo na harufu ya manukato. Ikiwa chupa imeandikwa asilimia 3.5, tumia lita 1.4 kwa kila lita 1,000. Fungua kila koki mpaka unuse klorini, funga, acha usiku mmoja. Kesho yake maji hayo ni ya kusafishia sakafu na choo tu. Yasinywewe, yasimwagiwe mimea. Suuza mara moja na ujaze upya. Dawa hiyo usiichanganye kamwe na siki au dawa nyingine ya choo, kwani hutoa hewa yenye sumu. Na anayeingia ndani ya tanki asiwe peke yake.

Bomba za chuma Mikindani

*Nyumba ya zamani, hatua chache kutoka baharini. Nikiziba kiungio hiki kwa mpira, kinatoboka kile.*
— Msomaji wa Mikindani

Acha kuziba. Hewa ya chumvi inalila bomba kwa nje, na kila mahali chuma kilipoungana na koki ya shaba, chuma ndicho kinachotangulia kuoza. Bomba likishaanza kutoboka viunganishi, ukuta wake wote umekonda. Weka PPR ndani na bomba jeusi la plastiki kwa sehemu ya kufukia, kina cha sentimita 45 hadi 60. PVC nyeupe usiiache juani, inakuwa kavu kama ganda la yai. Vishikizo na skrubu ziwe za plastiki au chuma kisichoshika kutu.

Tofali ndani ya tanki la choo

*Ni kweli tofali hupunguza maji ya kuflashi?*
— Dada wa Masasi

Hupunguza, dada, lakini humung'unyuka, na mchanga wake unakwenda kukaa pale chini ya mpira tuliyomweleza mama wa Chikongola. Tumia chupa ya lita 1.5, itie kokoto kidogo isielee, ijaze maji, ifunge, isimamishe mbali na boya na mnyororo. Watu sita wakiflashi mara nne kila mmoja, mnaokoa lita 36 kwa siku. Mkilazimika kuflashi mara mbili, chupa ni kubwa. Jaribuni ya lita 1.

Maji ya kuoga na migomba

*Nina migomba minne na mipapai uani. Naweza kuipa maji ya kuogea na ya kufulia?*
— Mama wa Kilwa Masoko

Ndiyo, mama, na migomba itakushukuru. Toa bomba la bafu kabla halijafika shimoni, lipitishe kwenye ndoo yenye kokoto na kitambaa cha wavu kukamata nywele na povu, kisha liingie kwenye shimo pana la duara lenye kina cha sentimita 30 lililojaa majani makavu, migomba ikiwa imezunguka ukingoni. Maji yaingie chini ya majani, yasisimame juu. Yatumie siku hiyohiyo. Yakilala hadi kesho yananuka.

Maji ya kufulia ni makali zaidi, hasa ya sabuni ya unga. Mpe mgomba yale ya kusuuzia, ya mwanzo yasafishie choo. Ukiona udongo umeganda juu na maji hayazami, sabuni imezidi. Pumzisha shimo hilo juma kadhaa, ulimwagie maji ya mvua au ya bomba. Mchicha na mboga nyingine za majani usiziguse kwa maji haya. Ya jikoni yenye mafuta yaziba kokoto upesi, hayafai. Na maji yaliyooshea nepi yaende chooni.

Pampu kwenye bomba la barabarani

*Mpangaji mwenzetu amefunga pampu moja kwa moja kwenye bomba linalotoka kwenye mita. Siku ya maji anajaza tanki lake, sisi tunapata hewa. Anasema ni haki yake.*
— Wapangaji wa Magomeni, Mtwara

Si haki yake, na kuna hatari kubwa kuliko ninyi kukosa maji. Pampu ikivuta kwenye bomba lenye msukumo mdogo, ndani ya bomba panakuwa na mvuto. Penye ufa popote mtaani, badala ya maji kutoka, uchafu unaingia, na kama ufa huo umepita karibu na shimo la choo, mnajua kinachoingia. Naye anakunywa maji hayohayo.

Njia iliyo sawa ni tanki la chini, hata la lita 500, linalojazwa na maji ya barabarani kwa nguvu yake yenyewe kupitia valvu ya boya. Pampu ivute kutoka hapo kwenda tanki la juu. Ncha ya bomba la kuvutia iwe na valvu ya mguuni yenye wavu, sentimita 10 juu ya kitako, na pampu iwe na boya la umeme la kuizima maji yakipungua, kwani ikizunguka kavu mihuri yake huungua kwa dakika chache. Mkichanga wapangaji wote, tanki moja na pampu moja vinawatosha, kila mmoja akiwa na mita yake ndogo kwenye bomba linaloshuka kwake.